Dawa ya kulinda ubongo baada ya damu kuvuja kichwani: ipi imepimwa ikasimama?

#1 NyarDunga (Kisumu)

Hamjambo wanajamvi. Shemeji yangu, ambaye ana miaka 50 na ushee na amekuwa akiacha dawa za presha kila anapopata nafuu, alianguka bafuni, akapooza upande wa kulia na ulimi ukawa mzito. Skani ya kichwa ilionyesha kwamba mshipa mdogo ulipasuka na damu ikavuja ndani ya ubongo wenyewe. Bado amelazwa. Miongoni mwa dawa tulizoandikiwa tukanunue nje ni sitikolini, ambayo tuliambiwa ni ya kulinda ubongo, na bei yake imetufanya tuchangishane ukoo mzima. Sasa binamu yetu aliye muuguzi Uingereza anasema kwamba dawa hiyo haijathibitishwa, na kwamba fedha hizo zingefaa zaidi kumlipa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Baba mkwe amekasirika. Anasema mtu aliye mbali hawezi kumkatalia mgonjwa dawa.

Sitafuti wa kulaumu. Naomba kujua: je, kuna dawa yoyote iliyowahi kupimwa kwa binadamu ikaonekana kweli inaulinda ubongo baada ya damu kuvuja? Na kama haipo, ni kwa nini, ilhali wataalamu wamelishughulikia suala hili tangu tukiwa watoto?

#2 Mfamasia_Section58 (Nakuru)

Poleni sana. Kwanza tutenganishe magonjwa mawili ambayo wengi huyaita kwa jina moja. Kuna damu inayovuja ndani ya nyama ya ubongo, kama ya shemeji yako, ambayo chanzo chake mara nyingi ni presha ya muda mrefu. Kuna pia damu inayomwagika juu ya ubongo, chini ya utando unaoufunika, kwa kawaida baada ya mshipa uliotuna kupasuka.

Kwa aina hii ya pili dawa ipo, nayo ni nimodipini. Jaribio kubwa lilifanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 1989, likiwa na wagonjwa 554. Baadhi walipewa nimodipini miligramu 60 kila baada ya saa 4 kwa siku 21, wengine wakapewa vidonge vinavyofanana navyo visivyo na dawa ndani, ambavyo nitaviita dawa tupu. Waliopata sehemu za ubongo zilizokufa kwa kukosa damu walikuwa asilimia 22 kwa upande wa dawa na asilimia 33 kwa upande wa pili. Tofauti hiyo ni kubwa, na tangu wakati huo hakuna dawa nyingine ya kulinda ubongo iliyopitishwa na nchi yoyote kwa ugonjwa huo.

Kuhusu sitikolini, yapo majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa mwaka 2012. Moja lilifanyika Marekani kwa watu 1,213 waliojeruhiwa kichwani, na jingine Ulaya kwa wagonjwa 2,298 wa kiharusi cha mshipa kuziba. Yote mawili hayakuona faida kuliko dawa tupu. Hayakuona madhara makubwa pia, na nadhani hiyo ndiyo sababu inaendelea kuandikwa: daktari anajua kwamba haimuumizi mgonjwa, na familia inataka kuona jambo likifanyika.

#3 Bukhungu_Mzawa (Kakamega)

Asante sana, Mfamasia. Basi jibu limepatikana. Mwambieni daktari aiondoe sitikolini ampe nimodipini, na suala liishe.

#4 SistaWaZamu (Eldoret)

Ndugu Bukhungu, hapana, na nakuomba usimshauri mtu hivyo. Nimodipini imethibitika kwa damu iliyo chini ya utando, si kwa ile iliyovuja ndani ya ubongo kwa sababu ya presha. Mgonjwa wa NyarDunga ana hii iliyovuja ndani ya ubongo.

Tena wanaoifikiria dawa hiyo kama kidonge cha kawaida hawajaihudumia wodini. Vidonge vya miligramu 30 vinatolewa viwili kila saa 4, mchana na usiku, kwa siku 21. Jumla ni vidonge 252 kwa mgonjwa mmoja. Asiyeweza kumeza tunamsagia, tunachanganya na maji, tunapitisha kwenye mpira wa puani, kisha tunasukuma maji mengine ili unga usibaki umeganda ndani ya mpira, maana dozi iliyobaki kwenye mpira haikumfikia mgonjwa. Presha hupimwa kabla na baada, kwa kuwa dawa hii huishusha, na ikishuka mno tunalazimika kugawa dozi iwe kidonge kimoja kila saa 2. Marekani, ambako hutumiwa ya maji iliyo ndani ya gamba laini, wapo wahudumu waliovuta maji hayo kwa sindano wakayadunga kwenye mshipa badala ya mpira, na wagonjwa wakafariki. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya huko ililazimika kutoa onyo upya. Dawa nzuri isipotolewa ipasavyo humaliza mtu.

#5 Kijana_wa_Tibabu (Eldoret)

Shikamoo Sista. Ningependa kurekebisha jambo moja katika #2. Japani iliipitisha klazosentani mwaka 2022 kwa ajili ya damu ya chini ya utando, kwa hiyo si sahihi kusema kwamba hakuna nchi iliyopitisha dawa nyingine. Hata hivyo, jaribio la kimataifa lililotangazwa matokeo yake mwaka 2023 halikuonyesha faida, na nchi nyingi hazijaifuata Japani.

Hadithi ya klazosentani inanisumbua kuliko zote. Baada ya damu kumwagika juu ya ubongo, kati ya siku ya 4 na ya 14 hivi, mishipa husinyaa na sehemu za ubongo hukosa damu. Wataalamu walisadiki kwamba ukizuia kusinyaa huko utauokoa ubongo. Klazosentani ilizuia kusinyaa huko: picha za mishipa zilionyesha waziwazi kwamba haikusinyaa sana. Lakini katika jaribio lililofuata la wagonjwa 1,157, lililochapishwa mwaka 2011, hali ya wagonjwa haikuwa bora. Nimodipini nayo, kinyume chake, huwasaidia wagonjwa ingawa mishipa yao kwenye picha inaonekana imesinyaa karibu sawa na ya wenzao. Sasa ni kipi hasa kinachoua ubongo siku hizo?

#6 MwalimuWaNjoro

Marahaba kwa niaba ya Sista, ambaye nadhani yuko zamu. Nitajibu sehemu ya pili ya swali la NyarDunga kwa kadiri nilivyosoma baada ya kumuuguza mama yangu mzazi. Tatizo ni muda, na mengine yote ni nyongeza. Panya wa maabara huvujishwa damu kwa makusudi, na mtafiti akiwa amesimama pale pale humpa dawa baada ya dakika chache. Binadamu huanguka usiku, watu wakadhani amelogwa au amelewa, gari likatafutwa, akapelekwa zahanati, akaandikiwa barua ya rufaa, kisha akasubiri skani. Dawa inamfikia jioni ya siku ya pili. Huku kwetu mvua ya mawe ikishaipiga ngano, hakuna mbolea inayorudisha masuke.

#7 Ouma_wa_Mbita

Mwalimu amesema kweli tupu. Baba mdogo alishikwa na ugonjwa huo kisiwani Mfangano. Boti ilingoja upepo utulie, kisha ikaja safari ya kivuko kutoka Mbita hadi Luanda Kotieno, kisha gari hadi Kisumu. Tulipofika, daktari alituuliza ni saa ngapi alianza kuumwa, na kila mmoja wetu akataja saa yake. Hakuna dawa ya dunia hii ambayo ingengoja safari ile.

#8 Takwimu_Maseno

Naheshimu hoja ya muda lakini siikubali peke yake. Mwaka 2006 watafiti walihesabu tiba 1,026 za kiharusi zilizokuwa zimejaribiwa maabara au kwa watu. Nyingi zilifanya vizuri kwa wanyama, na karibu zote zilizofika kwa binadamu zikashindwa. Yapo pia majaribio yaliyotoa dawa mapema sana na bado yakashindwa. Mfano ni lile la magnesiamu lililochapishwa Marekani mwaka 2015, ambapo dawa ilianza kudungwa ndani ya ambulensi, wengi wao ndani ya saa mbili tangu dalili zianze, wagonjwa wakiwa 1,700. Hakukuwa na tofauti yoyote.

Kwa maoni yangu, kosa liko kwa wanyama wenyewe na namna wanavyotumiwa. Panya huwa kijana, dume, mwenye afya, asiye na presha wala kisukari, na ubongo wake una sehemu nyeupe, yaani nyuzi za mawasiliano, kidogo sana kuliko wetu. Mtafiti mara nyingi anajua ni panya yupi amepewa dawa na yupi hakupewa, na macho ya mtu huona anachokitumaini. Dawa moja iliyoitwa NXY-059 ilipita karibu vigezo vyote ambavyo wataalamu waliviweka mwaka 1999 ili kuzuia aibu hizi. Jaribio kubwa la kwanza kwa watu, mwaka 2006, likatoa tumaini. La pili, mwaka 2007, likiwa na wagonjwa zaidi ya 3,000, likalizima.

#9 FundiWaKondele

Mwalimu wa Njoro, ngano yako imekufa dakika ile ile mawe yalipoanguka, lakini kama nimemwelewa Kijana wa Tibabu, ubongo unaendelea kufa kwa siku nyingi. Basi mbolea bado ina nafasi, ila labda mmekosea aina yake.

Halafu nauliza kama mtu asiyesomea mambo haya: kama sitikolini haidhuru, ubaya wa kumpa mgonjwa uko wapi? Bora kujaribu.

#10 Mfamasia_Section58 (Nakuru)

Ndugu Fundi, "bora kujaribu" iliwahi kuua watu. Kwa miaka mingi waliojeruhiwa kichwani walipewa steroidi ili kupunguza uvimbe wa ubongo, na kila daktari aliona ni busara. Jaribio la CRASH likapangwa ili kuthibitisha kwa hesabu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004 kutoka kwa wagonjwa 10,008: ndani ya wiki mbili asilimia 21 ya waliopewa steroidi walikuwa wamefariki, dhidi ya asilimia 18 ya wasiopewa. Jaribio lilisimamishwa kabla ya kufikisha idadi iliyokusudiwa. Hakuna daktari mmoja, akiwa kwenye wodi yake, angeweza kuigundua tofauti ya watu 3 kati ya 100 kwa macho. Ndiyo sababu tunapima.

Kijana wa Tibabu, asante kwa kunikumbusha Japani.

Sasa nirudi kwa Fundi, kwa sababu amegusa penyewe. Katika damu ya ndani ya ubongo kuna madhara ya aina mbili. La kwanza ni bonge lenyewe kukua na kuisukuma nyama ya ubongo, na hilo hutokea zaidi katika saa za mwanzo. La pili huja polepole: chembe nyekundu zinapasuka, himoglobini inavunjwa, na madini ya chuma yaliyokuwa ndani yake yanaachiwa huru pale pale kwenye ubongo, yanachochea sumu za oksijeni zinazounguza seli zilizo hai pembeni. Jambo hilo huchukua siku, hata wiki. Kwa hiyo wataalamu waliifikiria deferoksamini, dawa ya zamani inayonasa madini ya chuma na kuyatoa kwa mkojo. Kwanza walijaribu dozi ya miligramu 62 kwa kila kilo ya mgonjwa kwa siku, na jaribio likasimamishwa kwa sababu ya matatizo makubwa ya mapafu. Wakarudi na dozi ya 32 kwa siku 3, katika hospitali 40 za Marekani na Canada. Matokeo ya 2019: waliokuwa wanajitegemea baada ya siku 90 ni asilimia 34 kwa dawa na asilimia 33 kwa dawa tupu.

#11 MamaWaSelimundu (Siaya)

Nimeshangaa kuikuta deferoksamini hapa. Binti yangu ana selimundu, na kwa sababu ya kuongezewa damu mara nyingi chuma kilijaa mwilini mwake, tukaandikiwa dawa hiyo. Ilikuwa ni sindano ndogo chini ya ngozi ya tumbo, ikipita polepole usiku kucha huku mtoto amelala, na asubuhi mkojo wake unakuwa wa rangi ya kutu kidogo. Tuliambiwa kwamba chuma hakiondoki kwa siku chache. Ni kazi ya miezi.

Ndipo ninapouliza: ikiwa chuma kinaendelea kuachiwa kwenye ubongo kwa wiki nzima au zaidi, kwa nini wale wagonjwa walipewa dawa kwa siku 3 tu?

#12 Kijana_wa_Tibabu (Eldoret)

Mama, swali lako ni zito kuliko mengi niliyoyasikia darasani. Wapo wanaosema kwamba siku 3 zilichaguliwa kwa kuhofia yale matatizo ya mapafu, na kwamba huenda dawa iliondolewa kabla chuma hakijafikia kilele. Wengine wanasema dawa yenyewe hupenya kidogo kwenye ubongo. Na wapo wanaosema chuma ni moto mmoja tu kati ya mingi: kuna trombini inayogandisha damu, kuna chembe za kinga zinazovamia eneo hilo, kuna uvimbe wa maji. Ukizima mmoja, mingine inaendelea kuwaka.

#13 Takwimu_Maseno

Mimi naongeza maelezo mengine ambayo hayahusu dawa hata kidogo. Wagonjwa wa jaribio lile hawakufika 300. Tuseme dawa ingewasaidia watu 3 zaidi kati ya kila 100 kujitegemea, sawa na tofauti ile ya CRASH iliyobadili tiba ya dunia nzima. Nimepiga hesabu: ili uione tofauti ya 33 dhidi ya 36 kwa uhakika wa kawaida, unahitaji karibu wagonjwa 8,000. Jaribio la watu 300 lisingeweza kuiona hata kama ipo.

Kuna pia kipimo chenyewe. Mgonjwa huwekwa kwenye ngazi ya 0 hadi 6, ambapo 0 ni mzima na 6 ni marehemu. Jaribio likihesabu tu waliofika 0 hadi 2, mtu aliyetoka kitandani kabisa akaweza kukaa kwenye kiti cha magurudumu na kulishwa na mkewe akiwa anacheka, huyo hahesabiwi kuwa amenufaika. Familia yake ingekuambia vingine. Tena siku 90 ni mapema kwa damu ya ndani ya ubongo, kwa sababu wengi huendelea kurudisha nguvu hadi nusu mwaka na zaidi.

#14 MwalimuWaNjoro

Takwimu, mama yangu ni shahidi wa maneno yako ya mwisho. Miezi mitatu baada ya kuanguka alikuwa hawezi kushika kikombe. Kabla mwaka haujaisha alikuwa anachambua mboga za managu kwa mkono ule ule, polepole, jani kwa jani. Hata hivyo sijaiacha hoja yangu ya muda. Hata kama kuna madhara ya siku za baadaye, bonge likishakua katika saa zile za mwanzo, unalinda mabaki.

#15 SistaWaZamu (Eldoret)

Nimetoka zamu. Mwalimu, hoja yako ya bonge kukua imepimwa pia. Asidi ya traneksamiki, ambayo wakunga wanaijua vizuri kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua, ilipimwa katika jaribio la TICH-2 kwa wagonjwa 2,325 waliovuja damu ndani ya ubongo, wakianza ndani ya saa 8. Matokeo ya 2018: bonge lilikua zaidi kidogo kwa wasiopewa, na vifo vya wiki ya kwanza vilikuwa asilimia 9 kwa waliopewa na 11 kwa wasiopewa. Lakini kufikia siku ya 90 hakukuwa na tofauti. Kabla yake, mwaka 2008, protini ya kugandisha damu ilipimwa kwa wagonjwa 841. Nayo ilizuia bonge kukua bila kuwasaidia wagonjwa. Kwa hiyo hata muda na bonge havielezi yote.

Ninachokiona mimi wodini ni kwamba tunatafuta dawa moja wakati mgonjwa anauawa na mambo manne. Mwaka 2023 lilichapishwa jaribio la INTERACT3 la wagonjwa 7,036 katika nchi 10, nyingi zikiwa za kipato kama chetu, Nigeria ikiwemo. Hakukuwa na dawa mpya. Presha ya juu ilishushwa chini ya 140 ndani ya saa moja, sukari ikadhibitiwa, homa ikashushwa, na aliyekuwa akitumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, akarekebishwa damu yake haraka. Uwezekano wa kuishia vibaya ulipungua kwa asilimia 14. Hayo tunaweza kuyafanya Kisumu, Nakuru au Kakamega kesho asubuhi.

#16 Bukhungu_Mzawa (Kakamega)

Sista, nimekubali kurekebishwa na sitatoa dozi tena humu. Ila swali: kama kushusha presha haraka kunasaidia hivyo, si tuwape wagonjwa kidonge cha presha nyumbani mara tu wanapoanguka?

#17 Mfamasia_Section58 (Nakuru)

Hapana, na hapa naomba kila msomaji asikie. Jaribio la China lililochapishwa mwaka 2024 lilishusha presha ndani ya ambulensi kabla ya skani. Waliokuwa na damu iliyovuja walinufaika. Waliokuwa na mshipa ulioziba waliumia, kwa sababu ubongo wao ulikuwa unaitegemea ile presha ya juu ili damu kidogo ifike. Kwa nje wagonjwa hawa wawili wanafanana: mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno hayatoki. Bila skani hujui uko na yupi. Kidonge cha presha kikiwekwa chini ya ulimi wa mtu aliyeanguka sebuleni ni kamari, na kwa asiyeweza kumeza kinaweza hata kumpalia.

Na kwa Sista: nakubaliana na matokeo, lakini hiyo si kinga ya ubongo kwa maana aliyoiulizia NyarDunga. Hiyo ni huduma bora. Ukiiita kinga ya ubongo, hakuna atakayeendelea kutafuta dawa ya chuma wala ya uvimbe.

#18 SistaWaZamu (Eldoret)

Mfamasia, ubongo haujui kama kilichouokoa ni dawa au huduma. Iiteni mnavyotaka.

#19 NyarDunga (Kisumu)

Nawashukuru nyote. Tumekaa kikao cha ukoo. Sitikolini iliyokwisha kununuliwa itatumika, na mchango unaofuata utaenda kwa mtaalamu wa mazoezi. Baba mkwe alikubali baada ya kusomewa #10 kwa Kijaluo. Shemeji anamtambua mkewe na jana alikataa uji usio na sukari.

Mlivyoeleza, dawa ya kweli haitapatikana bila watu kukubali kupimwa. Je, wangekuja hapa Kisumu na jaribio la dawa ya aina hii, na mgonjwa hawezi kusema, nyinyi mngetia sahihi kwa niaba yake, mkijua anaweza kuangukia upande wa dawa tupu?

#20 Ouma_wa_Mbita

Mimi nisingetia. Mtu wetu hajitambui, halafu anachaguliwa kwa kubahatisha? Akifa, ukoo utasema nilimuuza.

#21 MamaWaSelimundu (Siaya)

Ouma, mdogo wangu, chanjo ya malaria wanayopewa watoto leo ilipimwa hapa hapa Siaya na Kombewa kuanzia mwaka 2009, na lau nusu ya kina mama wangekataa kama wewe, tusingekuwa nayo. Wa kundi lisilo na dawa ya kupimwa hatupwi. Anapata matibabu yote ya kawaida, na mara nyingi anaangaliwa kwa karibu zaidi kuliko jirani yake wodini. Mimi ningetia sahihi, kwa masharti: niione barua ya kamati ya maadili na kibali cha Bodi ya Dawa na Sumu, nielezwe kwa lugha ninayoielewa, na niambiwe nani atalipa iwapo dawa itamdhuru.

#22 Kijana_wa_Tibabu (Eldoret)

Suala la ridhaa nalo linaweza kuwa sababu ya majaribio kushindwa. Ukingoja jamaa wafike, wajadiliane na kutia sahihi, saa za mwanzo zimekwisha. Katika majaribio makubwa ya asidi ya traneksamiki kwa majeruhi, pale sheria ya nchi iliporuhusu, daktari aliweza kumwingiza mgonjwa kwanza kisha ridhaa ikaombwa baadaye. Ndugu Ouma atasema huo ni wizi. Lakini wanaoachwa nje ni wale wa mbali, kama baba yake mdogo, na matokeo yanakuwa ya watu wa mjini walioishi karibu na hospitali.

#23 Ouma_wa_Mbita

Sisemi ni wizi. Nasema aniulize kwanza, hata kwa simu.

#24 Takwimu_Maseno

Hata kwa simu inawezekana, na baadhi ya majaribio yameruhusu hivyo. Hoja yangu ni kwamba Kanda ya Ziwa inaweza kuwapata wagonjwa wengi, na dawa kama deferoksamini haina mwenye hataza (haki ya pekee ya kuitengeneza) wa kuisukuma, kwa hiyo ni serikali na vyuo vikuu vitakavyolazimika kugharamia. Jaribio rahisi, dawa ya bei nafuu, fomu fupi, kipimo kimoja siku ya 180. CRASH-2, lile la asidi ya traneksamiki, lilifikisha majeruhi 20,211 katika nchi 40 kwa mtindo huo.

#25 SistaWaZamu (Eldoret)

Siku ya 180 ndiyo penye kazi, Takwimu. Mgonjwa aliyeruhusiwa akiwa anaburuta mguu amerudi Usenge au Port Victoria, namba aliyoiacha ni ya mpwa aliyehamia Nairobi, na kliniki ya marudio hakuja kwa sababu nauli hakuna. Ukimkosa huyo na wenzake, wanaobaki kwenye hesabu yako ni waliopona vizuri, na ukiwakosa wengi zaidi upande mmoja, dawa inaweza kuonekana imefaulu hata kama haijafanya lolote.

#26 FundiWaKondele

Sista, wahudumu wa afya ya jamii wanajua kila boma, na tangu mwaka 2023 wamepewa mikoba yenye kipima presha. Wawekeni hao kwenye jaribio wawafuate wagonjwa nyumbani, na walipwe kwa kila ziara.

#27 Mfamasia_Section58 (Nakuru)

Wazo zuri, Fundi, lakini kuiweka ngazi ya 0 hadi 6 kunataka mafunzo. Wapimaji wawili hospitalini hutofautiana kuhusu mgonjwa yule yule, hasa kati ya 2 na 3, na hapo ndipo jaribio zima huamuliwa. Ningependa kwanza kuona wahudumu wakipimwa dhidi ya madaktari kwa wagonjwa ambao hawamo kwenye jaribio lolote.

#28 MamaWaSelimundu (Siaya)

Wakati mnapanga hilo, swali langu la #11 bado halijajibiwa. Kwa nini siku 3?